Kilo Nilizomsomea Mkwe Wangu

Kampuni ya bima ilitaka nishindwe. Sisemi hivi kwa uchungu tu, ingawa uchungu ninao wa kutosha. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yao ya masharti, sharti la nne: mgonjwa aonyeshe kwamba alifuata rejime ya chakula miezi sita mfululizo, akipimwa kila mwezi kwenye kliniki inayotambuliwa, na kwamba rejime hiyo haikuleta matokeo. Ukishindwa vizuri, kwa mihuri sita, wanakulipia upasuaji wa kupunguza tumbo. Ukifaulu, wanakupongeza. Mimi nilipongezwa.

Nianze na mwili wenyewe, maana kila aliyeniona alianza nao. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja. Hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo, mwanamke mnene hachekwi. Majirani walimwambia mume wangu, "Tata, weye unajua kuchunga bibi," naye akavimba kichwa kana kwamba ni yeye aliyenipika. Waliosema ukweli ni wale vijana wa taxi za pikipiki. Walikuwa wakisimama, wananitazama mimi, wanatazama gurudumu la nyuma, halafu ghafla wanakumbuka kwamba kuna mteja anawasubiri mbele.

Lakini si vijana wa pikipiki walionipeleka kwa daktari. Ni sukari. Mama yangu aliugua sukari, wakamkata kidole cha mguu, kisha wayo, kisha mguu wote chini ya goti, na tukamzika na mguu mmoja. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nasimama mbele ya watoto sitini tangu saa moja na nusu asubuhi, na mwaka huo vidole vyangu vilianza kufa ganzi kila nikisimama. Daktari wa kliniki, mtu wa maneno machache, alinipima, akaniambia dawa zimefika mwisho wa nguvu zake. Kwa mwili wangu ulivyo, dawa iliyobaki ni ile operasheni ya tumbo, inayofanyika mbali na hapa, kwenye hospitali kubwa. Tumbo likipunguzwa, mwili utapungua na sukari itashuka. "Utazeeka na miguu yako," alisema. Sikutaka kuwa mwembamba, wala sikutaka kupendeza. Nilitaka hicho tu, kuzeeka na miguu yangu.

Bima ilikuwa ya mume wangu. Yeye anaendesha lori la mawe upande wa Mutoshi, kwa kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya kampuni kubwa, na mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ule tuliokuwa nao ulikuwa unaisha Desemba. Mkataba ukiisha, bima inaisha siku hiyohiyo, kwa hiyo tangu mwanzo nilijua kwamba nakimbizana na kalenda.

Masharti yalikuwa mengi. Saini ya mume. Picha ya mbele na ya ubavuni, nimesimama kama mtuhumiwa. Barua ya mtaalamu wa akili, binti mmoja aliyekuwa akija kutoka Lubumbashi mara moja kwa mwezi, ambaye aliniuliza kwa sauti ya huruma kama huwa ninakula kwa sababu ya huzuni. Nilimwambia ninakula kwa sababu ni saa ya kula. Aliandika muda mrefu sana baada ya jibu hilo, na hadi leo sijui aliandika nini.

Rejime niliifuata. Nataka hilo lijulikane. Bukari, ugali wetu, ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, mboga ya lengalenga isiyoonja mafuta, samaki wa kuchemsha asiye na ladha hata kwa paka. Jioni ninakunywa chai kavu huku wenzangu mezani wanamega na kuchovya. Siku mbili tatu nilishindwa na mikate ya kukaanga inayouzwa nje ya shule, sitaficha. Lakini njaa niliyoilalia miezi ile ningeiweka kwenye mizani, mizani ingevunjika.

Mwezi wa kwanza alinipima muuguzi mwanamke, mjamzito wa miezi minane, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alisoma kilo zangu kwa sauti, kwa Kifaransa, maana kwetu namba zenye uzito husemwa kwa Kifaransa, na watu wote waliokaa kwenye benchi la nje waligeuka kuangalia mlango. Nilimchukia mama yule. Nilitoka nikiomba Mungu amwondoe pale. Mungu alisikia haraka, jambo ambalo halifanyi kila siku. Mwezi wa pili yule mama alikuwa amekwenda kujifungua, na kwenye nafasi yake walimweka mkwe wangu.

Hapo lazima nieleze. Kijana huyo alikuwa amekuja kwetu na wajomba zake kumposa binti yangu mkubwa. Sehemu ya kwanza ya mahari ilikuwa imepokelewa, harusi ilikuwa imewekwa mwisho wa mwaka. Sisi ni watu wa Kasai. Babu yangu aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, sisi tumezaliwa hapa, wazazi wetu wamezaliwa hapa, na Kiluba chetu kina matobo kama chandarua cha zamani. Lakini heshima ya mkwe haikupata tobo hata moja. Mkwe wa kiume hali meza moja na mama wa mke wake. Hamshiki mkono. Akikutana naye njiani anapisha, tena mbali. Na mwili wake hauangalii, ni mwiko, mpaka siku atakapoleta mbuzi wa kuondoa haya, na mbuzi huyo huletwa baada ya ndoa. Vijana wa leo wana simu mbili kila mmoja, na bado mkwe wangu akiniona sokoni alikuwa anajificha nyuma ya mafungu ya viazi.

Basi fikiria. Naingia chumba cha mizani, nimevua viatu, nimebaki na kitenge kimoja kama kanuni inavyotaka, na anayeinua uso kutoka mezani ni yeye. Dosie yangu, lile faili la vipimo, ilimponyoka mikononi. Mimi ningeweza kutoka, kwenda kwa daktari, kumwambia, Doktere, yule ni mkwe wangu, nitafutie mtu mwingine. Sentensi moja fupi. Lakini daktari ni mtu wa Bas-Congo, mbali na mila zetu, angecheka, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuchekwa na karatasi. Kliniki nyingine bima haikuitambua. Nikabaki nimesimama.

Yeye ndiye aliyepata njia. Aligeuka, akaelekea ukutani, kalamu mkononi, pua karibu iguse bango la chanjo.

"Mama, mi nitaangalia uku," alisema. "Soma weye mwenyewe, mi nitaandika."

Nikapanda. Mshale ulikwenda, ukarudi, ukatulia kwenye mia moja thelathini na moja na nusu. Mwezi mzima wa njaa, na nusu kilo juu yake. Nikatazama mgongo wa kijana yule, koti lake jeupe limepigwa pasi vizuri, na kinywa changu kikasema mia moja ishirini na tisa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu si gumu. Wanaume wa kwetu wana msemo kwamba ukitaka kujua bibi yako atakuwa namna gani kesho, angalia mama yake leo. Kijana huyu alikuwa hajaoa bado. Ningemtamkia namba ile kwa kinywa changu mwenyewe, angeichukua hadi kwao, na kila akimwangalia binti yangu angeiona inamngojea mbele. Na zaidi ya hapo, mama mkwe ni mtu wa heshima kwa sababu mkwe hajui mambo yake. Sikuweza. Nilisoma namba ya heshima.

Mwezi wa tatu nilisoma mia moja ishirini na saba. Akauambia ukuta, "Inashuka, mama. Ni muzuri." Nikiri kwamba nilifurahi. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo, kana kwamba zile kilo zilikuwa zimetoka kweli. Mwezi wa nne nikazidisha. Ukishaanza kushuka mbele ya mtu anayekusifu, huwezi kupanda tena, utamwambia nini? Mwezi wa tano binti yangu alinipokea mlangoni akicheka. "Mama, njo kusema unapungua vile," alisema, na akanishika kiuno, mikono yake ikaishia njiani kama siku zote, lakini hakuona, maana alikuwa ameshaambiwa na mchumba wake. Uongo wangu ulikuwa unafika nyumbani kabla yangu.

Mwezi wa sita mizani ilisema mia moja na thelathini. Mimi nikasema mia moja na kumi na nane.

Mtu atauliza, na sharti la nne? Nililisoma. Lakini nililisoma kama mwalimu. Kwenye darasa langu mtoto anayejitahidi ndiye anayepata zawadi, na ilikuwa ndani ya kichwa changu kwamba bima ni mwalimu mkuu mkubwa zaidi, ataona bidii yangu kwenye karatasi, atasema, huyu mama anajituma, tumsaidie. Haikunipitia akilini kwamba kuna watu duniani wanaokaa ofisini kumtuza aliyeshindwa. Na mimi nilikuwa nimeshindwa kweli, kwa uaminifu wote, ningewapa walichotaka bure. Nilikuwa nacho mwilini, kilo kwa kilo. Nikakificha ili kijana mmoja asinione vibaya.

Barua ilikuja Agosti. Walimpongeza mgonjwa kwa juhudi zake. Walisema kupungua kilo kumi na tatu kwa miezi sita ni matokeo mazuri, rejime inafanya kazi, upasuaji hauhitajiki kwa sasa, mgonjwa aendelee vivyo hivyo. Nimeisoma mara nyingi kuliko Biblia.

Nilikwenda kwenye ofisi yao mjini. Aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana, kucha ndefu, feni ndogo ikimpuliza usoni. Alifungua dosie, akaniangalia, akaiangalia tena.

"Mama, si umepungua? Ni muzuri."

"Sikupungua."

"Dosie inasema umepungua."

"Niangalie mimi," nilimwambia. "Leta mizani, nipime sasa hivi."

"Shi hatupimaka bantu apa, mama. Tunasomaka paka dosie, dosie tu."

Nilimwambia basi kwamba namba hazikuwa za kweli. Sikumwambia ni nani aliyezisema. Alipunguza sauti, akawa mtu kidogo. Kuna njia mbili, alisema. Ya kwanza ni kuanza upya, miezi sita, mihuri sita. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza: mkataba wa mume wangu ulikuwa na miezi minne. Ya pili ni muuguzi aandike barua na kuitia saini, aseme kwamba hakupima. Hapo dosie itafunguliwa tena mara moja.

"Na yeye muuguzi?" niliuliza.

"Iyo ni mambo yake na kliniki," alisema, na feni ikaendelea kumpuliza.

Nilimweleza mume wangu siku hiyo hiyo. Kwanza alicheka, alicheka hadi akashika mbavu, na sitamsamehe kicheko kile. Kisha akafuta machozi. "Ulimudanganya nani?" aliuliza. "Mizani?" Mficha uchi hazai, nimewaandikia watoto ubaoni kila mwaka, kwa chaki ya rangi.

Jumapili baada ya kanisa alimwita mkwe. Walikaa sebuleni, wanaume wawili, na mimi nilikaa chumbani nyuma ya pazia, maana mambo hayo hayaongelewi na mama mkwe uso kwa uso. Binti yangu alikuwa uani anaosha sahani. Mume wangu alimweleza yote bila kuzungusha. Nilikuwa nasubiri kijana ashangae. Hakushangaa.

"Tata, nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kile kiti ya kuvulia viatu, kule kliniki. Mama akiikala, kinalia. Mwezi ya mbili kilikuwa kinalia, na mwezi ya sita kilikuwa kinalia paka vile vile. Muntu akipoteza kilo kumi na tatu, kiti kinajua."

"Na uliandika?"

"Niliandika. Mama akisema namba, mi ni nani ya kusema apana?"

Nyuma ya pazia uso wangu uliwaka. Miezi yote ile nilidhani ninajificha. Alikuwa ananisikiliza ninavyodanganya, anaandika, anatia saini yake, ananiambia ni muzuri mama, kwa heshima tupu. Sijui kati yetu sisi wawili nani alimuua mwenzake zaidi kwa adabu.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema ataandika barua. "Kama banataka kunifukuza, banifukuze. Mama ni mama." Uani sahani ziliacha kugongana. Binti yangu alikuwa anasikia, na mimi nilisikia kwamba anasikia.

Mume wangu aligeukia pazia. "Umesikia?"

Nilisikia. Nilimwona kijana asiye na kazi, wajomba zake wakirudisha maneno nyuma, harusi ikisogezwa hadi isijulikane. Nilimwona binti yangu akinitazama kila siku bila kusema kitu. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie aache."

Watu wawili watatu wanaojua habari hii wananisifu kwa jibu hilo. Wanasema nilijitoa kwa ajili ya mtoto. Nusu ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba niliiona ile barua mezani kwa yule mwanamke wa kucha, inasomwa, inazungushwa ofisini, mama mzima mwalimu anamsomea mkwe wake kilo za uongo, na wote wanacheka pamoja na feni yao. Niliona aibu. Miguu yangu ilikuwa kwenye mizani na aibu yangu ilikuwa kwenye mizani, na aibu ilishuka chini. Hiyo nusu nilikuwa sijamwambia mtu.

Harusi ilifanyika Desemba, ikapendeza. Nilivaa kitenge cha wax cha wanawake wote wa familia na viatu vipya, na wageni walimsifu mume wangu kwa mwili wangu. Wiki iliyofuata mkataba wake ulikwisha na haukufanywa upya, na kadi zetu za bima zikawa plastiki ya kuchezea wajukuu wa jirani. Na usiku wa harusi, nilipovua viatu, nilikuta kokoto ndani ya kile cha kulia. Nilikuwa nimeikanyaga tangu asubuhi, nimekwenda nayo kanisani, nimecheza nayo, na sikusikia chochote. Soksi ilikuwa imelowa damu.

Kidonda kilikataa kupona. Kliniki isingenipokea tena bila bima, na kulala hospitali hatukuweza. Februari mkwe wangu alikuja nyumbani saa kumi jioni, anatoka kazini, amevaa bado koti lake jeupe. Mkono mmoja alishika mfuko wa bandeji na dawa, mkono mwingine alivuta mbuzi jike, mweusi, mwenye hasira. Alimkabidhi kwa mume wangu mbele ya majirani, akasema maneno yanayosemwa, na haya ikawa imeondolewa. Mbuzi wa kuondoa haya. Laiti angeletwa mwezi wa pili wa mwaka uliopita, nilimwambia mume wangu, na yeye akaenda kumfunga kwenye mparachichi.

Kijana aliketi kwenye kigoda mbele yangu, akauweka mguu wangu kwenye paja lake. Aliosha taratibu, akatoa kilichokufa, akafunga. Mikono yake ilikuwa myepesi, na alifanya kazi bila kukunja uso ingawa harufu niliisikia mimi mwenyewe. Nilimpenda siku ile, na nilikasirika kwamba nampenda. Kisha alichukua kalamu, akageuza kifuniko chake, akagusa kidole gumba huku ananiangalia machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama, unasikia apa?"

"Apana."

Akasogea kwenye wayo. "Na apa?"

"Apana."

Akagusa kisigino, akagusa kifundo, kila mahali akiuliza na kila mahali nikimjibu neno lile lile. Kalamu ilifika juu ya kifundo ikasimama. Niliona hataki kuendelea.

"Panda tu, mutoto yangu," nilimwambia. "Nitakuambia wakati utafika penye ninasikia."